Shangazi, kampuni inaniita ofisini na mume anasema niache kazi

Shangazi, shikamoo.

Barua yangu ya kuacha kazi iko tayari kwenye kompyuta. Niliiandika usiku, nikaisoma asubuhi, na bado nakubaliana nayo. Kabla sijaituma nimeona nikuandikie, kwa sababu kila ninayemuuliza, nyumbani na kazini, ana jibu la haraka, na majibu yenyewe yanapingana.

Nimeajiriwa na kampuni kubwa, jina lake nalihifadhi. Niliingia mwaka 2020, ofisi zikiwa zimefungwa kwa sababu ya Korona. Laptopu waliniletea mlangoni, na tangu siku hiyo kazi yangu ya uchambuzi wa takwimu nimeifanyia nyumbani. Nimepanda hadi kuwa kiongozi wa timu ndogo. Vijana wawili ninaowasimamia sijawahi kuonana nao ana kwa ana, lakini kazi inakwenda, ripoti zinatoka kwa wakati, na tathmini zangu za kila mwaka ni nzuri. Kusema kweli natoa kazi nyingi zaidi sasa kuliko nilipokuwa kwa mwajiri wangu wa zamani. Kule nilishinda ofisini, na kila nikishika jambo kuna mtu amesimama mezani kwangu na swali.

Mwaka 2022 mama yangu alipata kiharusi. Mkono na mguu wa kulia havina nguvu, ila akili iko timamu, na ulimi pia, maana anabishana na watangazaji wa redio kuliko hata zamani. Tulihama, mimi na mume wangu na watoto, tukaja kuishi jirani naye. Kutoka hapa hadi mji wenye ofisi ni safari ya nusu siku. Mume wangu aliacha kazi yake kule, akaanza upya huku kwa mshahara mdogo, na hajawahi kunisimanga kwa hilo. Kabla ya kuhama nilimuuliza bosi wangu, tukiwa kwenye kikao cha video, kama kutakuwa na tatizo. Alicheka. Akasema: "Wewe nenda kamtunze mama. Mimi nikiwepo, hakuna atakayekugusa." Nikahama.

Sasa umetoka waraka wa menejimenti. Katika muda wa siku 90 wafanyakazi wote wawe wamerudi ofisini, siku tano kwa wiki. Sababu zilizotajwa ni "kuimarisha ushirikiano na utamaduni wa kampuni". Asiyeripoti atahesabiwa kuwa amejiuzulu kwa hiari yake. Nilimpigia bosi siku ileile. Huyo aliyesema hakuna atakayenigusa sasa anasema, "Ngoja tuone, mambo haya yako juu ya uwezo wangu." Tangu hapo ujumbe wangu anaujibu kwa neno mojamoja.

Mume wangu anasema niwatupie barua yao, niwaonyeshe kwamba sisi si watumwa, Mungu atafungua mlango mwingine. Mwenzangu mmoja kazini anakusanya saini za malalamiko kwenda kwa mkurugenzi mtendaji na anataka jina langu liwe la kwanza kwa kuwa mimi ni kiongozi wa timu. Mwingine ananiambia nisihangaike: nipange chumba kule, nije siku mbili tatu, niguse kadi mlangoni, ninywe chai, niondoke, kwani mfumo unasoma kadi tu.

Halafu kuna jambo ambalo sijamwambia mtu, Shangazi, hata mume wangu. Niliposoma ule waraka nilikasirika, ndiyo, mpaka mikono ikatetemeka. Lakini chini ya hasira kulikuwa na kitu kama nafuu. Miaka yote hii nazungumza na sura zilizo kwenye vijidirisha. Siku nyingine mtu mzima pekee ninayeongea naye nje ya familia ni yule anayeniuliza kama nasikika. Nilijiona nikishuka asubuhi mahali penye watu wanaonijua kwa kazi yangu, si kama binti wa mgonjwa wala mama wa fulani, na nikatamani. Kisha nikaona haya. Nimetamanije kitu ambacho maana yake ni kumwacha mama?

Naomba uniambie: wana haki ya kunifanyia hivi? Nitume barua au nisitume? Na mume wangu nimwambie nini?

Ni mimi, kiongozi wa timu aliyeitwa ofisini.

*

Marahaba, mwanangu.

Barua usiitume. Sisemi hivyo kwa sababu kazi hiyo lazima uing'ang'anie, maana huenda mwisho wa yote ukaondoka, na itakuwa sawa tu. Nasema usiitume kwa sababu ya maneno uliyoyanakili mwenyewe kutoka kwenye waraka: "amejiuzulu kwa hiari yake". Maneno hayo yasome tena bila hasira. Mfanyakazi anayepunguzwa ana notisi yake, mara nyingi ana malipo ya kuachishwa, na katika nchi nyingi mwajiri anayepunguza watu wengi kwa mkupuo ana taratibu za kufuata, mashauriano na maelezo. Anayejiuzulu hana hayo. Anarudisha laptopu, anaagwa kwa ujumbe mfupi, basi.

Wala hayo hayakuanza na kampuni yenu. Mwaka 2022 tajiri Elon Musk aliwaandikia watu wa kampuni yake ya magari, Tesla, kwamba kila mmoja awe ofisini angalau saa 40 kwa wiki, na asiyeonekana watachukulia kuwa amejiuzulu. Novemba 2024 yeye na mfanyabiashara mwenzake Vivek Ramaswamy waliandika katika gazeti la Wall Street Journal kuhusu watumishi wa serikali kuu ya Marekani: kuwalazimisha kurudi siku tano kungeleta wimbi la watu kuacha kazi wenyewe, na wao wangelipokea kwa furaha. Waliliweka hadharani, na Januari 2025 Rais Trump, siku ileile ya kuapishwa, akatia saini agizo la kuwarudisha watumishi hao ofisini. Sisemi menejimenti yako ina nia hiyo. Wapo wakuu wa kampuni wanaoamini kwa dhati kwamba watu wakikaa pamoja kazi inanoga. Lakini kwa kuwa nia yao huioni, usiwape bure kitu ambacho huenda wamekitengea fungu. Mume wako anataka muwaonyeshe. Ukiituma leo, watakachoona ni nafasi moja imepungua kwenye orodha ya mishahara, bila gharama.

Umeuliza kama wana haki. Jibu limo kwenye karatasi zako kuliko kichwani mwangu. Toa mkataba wa mwaka 2020, tafuta kifungu cha mahali pa kazi. Mikataba mingi ya kipindi kile iliandikwa kwa haraka: imetaja anwani ya ofisi kama kawaida, halafu ikaja barua pembeni inayosema utafanyia kazi nyumbani "kwa muda". Kama wako uko hivyo, wao wana nguvu zaidi. Kama umeandikwa kwamba kazi yako ni ya mbali, wewe ndiye mwenye nguvu, kwa sababu sharti mlilokubaliana wawili kwa kawaida halibadilishwi na mmoja kwa waraka. Angalia pia kama kuna kifungu kinachompa mwajiri ruhusa ya kukuhamisha kituo, maana kifungu hicho hukaa mwishomwisho ambako hatusomi.

Halafu tafuta alama za kuhama kwako. Ulipohama ulibadilisha anwani kwenye mfumo wa rasilimali watu? Barua za kampuni, hati za mshahara, vifaa walivyokutumia, vimekuja kwenye anwani mpya? Kila kitu cha namna hiyo kinaonyesha kwamba kampuni ilijua uko wapi na ikaendelea kukulipa na kukupandisha. Kwa baadhi ya sheria za kazi, jambo likizoeleka kwa miaka bila mtu kupinga, nalo lina uzito. Kwa nyingine halina. Nchi hazifanani: Uingereza, kwa mfano, tangu Aprili 2024 mfanyakazi ana haki ya kuomba utaratibu wa kazi unaomfaa tangu siku yake ya kwanza kazini, lakini ni haki ya kuomba, na mwajiri anaweza kukataa kwa sababu za kibiashara zilizotajwa kisheria. Kwa hiyo nenda kwa wakili wa mambo ya kazi au chama cha wafanyakazi, ukiwa na karatasi mkononi na ukiwa bado mwajiriwa. Baada ya kujiuzulu wakili atakuwa na machache sana ya kukufanyia.

Sasa bosi wako. Huyu ndiye aliyenikera kuliko waraka wenyewe. Waraka umeandikwa na watu wasiokujua, lakini yeye alikujua, alijua habari za mama, na alijua kwamba kwa neno lake mtu na familia yake watafunga mizigo. Ahadi ni deni, na ya kwake aliitoa kwa kicheko, kwenye kikao ambacho bila shaka hakikurekodiwa. Hata hivyo usimwendee kwa lawama. Unamhitaji, na ukimbana ukutani atajitetea kwa kusahau. Mwandikie barua pepe, fupi, isiyo na uchungu, itakayomlazimu ama kukubali ama kukanusha kwa maandishi. Kitu kama hiki:

"Bosi, kabla sijahama mwaka 2022 tulizungumza kwenye kikao cha video, nikakueleza hali ya mama yangu na mji ninaokwenda, nawe ukanihakikishia kwamba naweza kuendelea na kazi nikiwa huko. Nilihama kwa kutegemea mazungumzo hayo. Waraka mpya unanitaka niripoti ofisini siku tano. Naomba unisaidie kujua utaratibu wa kuomba nisamehewe sharti la waraka huu, nani anayeamua, na kama utaunga mkono ombi langu. Pendekezo langu nimeliambatanisha."

Usiongeze kitu. Kama mna desturi ya kuandikiana kwa ujumbe wa simu, safari hii achana nayo, tumia barua pepe ya kazi, kisha hifadhi tarehe na jibu kwa njia ambayo kanuni za kampuni zinaruhusu. Akijibu "ngoja tuone" tena, mwandikie moja kwa moja mtu wa rasilimali watu na umnakili yeye.

Hilo pendekezo ndilo penye kazi, na hapa nitakuudhi kidogo. Najua unachotaka kuandika. Unataka kuandika kwamba unatoa kazi nyingi zaidi ukiwa nyumbani, na tathmini ni ushahidi. Huenda ni kweli kabisa. Nicholas Bloom, mchumi wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliwahi na wenzake kufanya jaribio katika kampuni ya usafiri ya China iitwayo Ctrip, matokeo yakachapishwa mwaka 2015: wapokea simu waliofanyia kazi nyumbani siku nne kwa wiki waliongeza utendaji kwa asilimia 13. Mwaka 2024 yeye na wenzake walichapisha jingine, kampuni ileile, safari hii watu zaidi ya 1,600, karibu nusu yao wakikaa nyumbani siku mbili tu kwa wiki. Utendaji haukushuka, kupanda vyeo hakukushuka, na walioacha kazi walipungua kwa theluthi moja. Menejimenti zenye kutaka takwimu zinazo. Menejimenti iliyotoa waraka wa "utamaduni wa kampuni" haikuwa inatafuta takwimu, na wewe mchambuzi ukipeleka jedwali utapoteza wiki mbili ukisubiri mtu alisome.

Tena kuna upande ambao jedwali lako halionyeshi. Wachumi watatu, Natalia Emanuel, Emma Harrington na Amanda Pallais, walichunguza wahandisi wa programu katika kampuni kubwa ya Marekani. Waliokuwa wakikaa jengo moja na timu yao walipata maoni mengi zaidi juu ya kazi yao kuliko wale ambao timu yao ilitawanyika kwenye majengo mawili. Ofisi zilipofungwa mwaka 2020, tofauti ile ikatoweka. Walioathirika zaidi ni vijana na wanawake. Na wakongwe je? Hao, walipokuwa karibu na vijana, kazi yao wenyewe ilipungua, kwa sababu muda wao uliliwa na kufundisha. Umeona? Yule mtu aliyekuwa akisimama mezani kwako na swali, aliyekukera mpaka ukamtaja kwenye barua, ndiye aliyekuwa anajifunza. Wewe unatoa kazi nyingi zaidi sasa, sawa. Wale vijana wako wawili ambao hujawahi kuwaona, je, wanamuuliza nani? Unasema kazi inakwenda. Sijui kama wao wangesema hivyohivyo wakiulizwa faragha, na ningekuwa wewe ningewauliza kabla ya kuandika chochote.

Kwa hiyo pendekezo lisiwe "niacheni nilipo". Liwe jambo ambalo aliyeandika waraka anaweza kulipeleka kwa mkubwa wake bila kuonekana ameshindwa. Kwa mfano: wiki moja nzima ya kila mwezi uko ofisini, na wiki hiyo ni ya vijana, kukaa nao, kupitia kazi yao, kuwaingiza vikaoni. Wiki zilizobaki unafanyia kazi ulipo, kwa saa zinazojulikana. Andika nani atalipa nauli na malazi, kwa sababu usipoandika ni wewe. Andika pia tarehe ya kupitia upya makubaliano, na muda wa notisi endapo kampuni itabadilisha mawazo. Hilo la mwisho usilidharau. Amazon ilianza kwa kuwataka watu siku tatu, Mei 2023. Kufikia Januari 2025 zilikuwa tano. Aliyepanga maisha yake kwa siku tatu alijikuta anapanga upya. Makubaliano yasiyo na muda yanaweza kufutwa na waraka ujao.

Uliza vilevile kama waraka una mpaka wa umbali. Kampuni nyingi zinao hata zisipoutangaza kwa sauti. Zoom, kampuni ya vikao vya video ambayo nusu ya dunia iliitumia kukaa nyumbani, mwaka 2023 iliwaita ofisini wale tu wanaoishi ndani ya maili 50, siku mbili kwa wiki. Kampuni ya kompyuta ya Dell mwaka 2025 iliwaita kwa siku tano wanaoishi ndani ya mwendo wa saa moja. Wewe uko nusu siku. Kama mpaka upo, huenda unapigana vita ambavyo si vyako. Ila ujue bei yake: hukohuko Dell, mwaka mmoja kabla, waliochagua kubaki mbali waliambiwa wasitarajie kupandishwa cheo. Ukipewa msamaha, uliza waziwazi kuhusu cheo, usikae unabahatisha.

Saini za malalamiko: weka jina ukitaka, lakini si la kwanza, na si kabla ombi lako halijajibiwa. Benki ya JPMorgan ilipotangaza siku tano mwaka 2025, mamia walitia saini, na mkurugenzi wake Jamie Dimon akawaambia wafanyakazi kwamba hajali ni wangapi wametia saini. Chama cha wafanyakazi chenye kutambuliwa kisheria ni habari nyingine, hicho kinaweza kukaa mezani.

Na la kugusa kadi na kuondoka, hapana. Mfumo unaosoma kadi leo, kesho utasoma saa ulizokaa na mtandao uliounganisha laptopu. Tawi la Uingereza la PwC, kampuni ya ukaguzi wa hesabu, lilishatangaza mwaka 2024 kwamba litafuatilia wafanyakazi wake wanafanyia kazi wapi. Ukikamatwa, utakuwa umewapa sababu ya kukufukuza kwa udanganyifu, na kiongozi wa timu akifukuzwa kwa udanganyifu hata mwajiri wa pili atasikia.

Wakati ombi linasubiri jibu, tafuta kazi. Kimya kimya, kila wiki. Zipo kampuni zilizoamua kubaki na kazi za mbali, na wapo waajiri karibu na ulipo. Uchunguzi mmoja wa mwaka 2024 juu ya kampuni kubwa za teknolojia na fedha za Marekani, wa Yuye Ding, Mark Ma na wenzao, ulikuta kwamba baada ya amri za kurudi ofisini walioondoka zaidi ni wanawake, wenye vyeo na wenye ujuzi, na kampuni zikachukua muda mrefu zaidi kujaza nafasi. Wewe uko katika makundi yote matatu. Ukikataliwa ombi, omba kuondoka kwa makubaliano: notisi kamili, malipo, barua ya sifa. Wakati mwingine waajiri hukubali, hasa wakiona wakili ameshasoma karatasi. Wakikataa na hilo, angalau utakuwa umefika hapo na ofa nyingine mkononi, na barua yao ya kukataa kwenye jalada lako.

Sasa tuje kwa lile ulilolificha.

Kutamani watu si kumwacha mama. Katika lile jaribio la Ctrip nililokutajia, waliofanyia kazi nyumbani walifanya vizuri, walikuwa wameomba wenyewe, na jaribio lilipokwisha wakaruhusiwa kuchagua, karibu nusu yao walirudi ofisini, upweke ukiwa sababu kubwa. Hawakuwa na mgonjwa wa kuwatia haya. Walichoka tu kuwa peke yao. Wewe una mgonjwa, una watoto, una mume, halafu huna mtu wa kumwambia kwamba jedwali limekubali baada ya siku tatu za kuhangaika. Hiyo ni njaa ya kawaida. Hata kama kampuni ikikuacha ulipo miaka kumi, bado itakupata, kwa hiyo usiifiche nyuma ya hasira za waraka. Ile wiki moja kwa mwezi niliyokupendekezea, nimeiweka kwa ajili ya vijana wako, ndiyo. Na kwa ajili yako pia.

Mwambie mume wako. Nadhani unaogopa kwamba atasikia: "Uliacha kazi yako bure." Mtu aliyeshusha mshahara wake bila kusimanga anastahili kuambiwa ukweli mapema kuliko kuugundua. Lakini na yeye muulize swali moja. Mbona ana haraka hivyo ya wewe kuacha? Inawezekana ni heshima tu, anachukia kuona mkewe anaburutwa. Inawezekana pia amechoka kuwa peke yake ndiye aliyeacha kitu, na ukiacha na wewe mtakuwa sawa. Sisemi ndivyo. Nasema mkae mzungumze hesabu ya nyumba, mshahara wake peke yake unatosha miezi mingapi, nani atalala kwa mama ile wiki ambayo haupo, watoto nani atawapeleka shule. Mwanamume anayesema Mungu atafungua mlango mwingine, mpe karatasi na kalamu muandike majina ya milango.

Na mama yenu je? Barua yako nzima inamzungumzia, watu wanahama kwa ajili yake na wanaacha kazi kwa ajili yake, ila hakuna mahali ambapo ameulizwa. Mkono na mguu ndivyo vilivyodhoofika. Akili ni timamu, umesema mwenyewe. Inawezekana kabisa atakwambia nenda, wiki moja si mwaka, hata mimi nitapumzika na macho yako. Au atakwambia anaogopa usiku. Yote mawili ni habari unayoihitaji kabla ya kuandika pendekezo, kwa sababu rasilimali watu watakuuliza nani anamtunza ukiwa haupo, na jibu lisiwe la kubuni.

Siku 90 zinahesabiwa kutoka tarehe ya waraka. Mama na mume wazungumzishe mwisho huu wa wiki. Barua kwa bosi iende Jumatatu.

Shangazi